Mshale Umelala

Siku tatu Liwale, mvua haikupumzika.
Ndege yangu, injini moja, viti sita,
imesimama kwenye majani kama kuku aliyeloa,
na kile kisoksi chekundu cha kufunika bomba la upepo
nimekitafuta chini ya kiti, mfukoni, kwenye kikapu cha chai.
Nikasema: aa, siku tatu tu.

Asubuhi ya nne wingu likainua kope.
Nikaizunguka ndege mbiombio, kanga kichwani,
nikapima mafuta, nikapapasa tairi,
bomba nikalitupia jicho kwa mbali
jinsi mtu anavyomtazama jirani anayemdai.

Abiria mmoja: Bwana Nangomwa, mkaguzi wa maghala ya korosho,
kiroba cha sampuli amekipakata.
Tope likatuvuta, likatuachia. Nikachungulia kasi:
mshale umelala kwenye sifuri.
Nusu ya uwanja imeshapita. Mbele, mikorosho.
Kusimama ni kuiparamia.
Nikavuta usukani.

Kisha weupe.
Weupe wa tui zito, juu, chini, pembeni,
mvua ikitwanga kioo.
Tumbo langu linasema tunapaa,
mshale unasema hatujaondoka Liwale.

Bwana Nangomwa akanyoosha kidole: "Hiyo saa imekufa?"
"Imeloa," nikamjibu.
Uongo nao huwa na robo ya ukweli.

Marehemu Kapteni Mchopa alikuwa na tabia
ya kuzibandika saa zote karatasi za gazeti, ndipo aseme: ruka.
"Ndege haijui kusoma. Inajua pua ilipo
na injini inavyolia. Basi."
Nikaiweka pua kidole kimoja juu ya mstari.
Mizunguko, elfu mbili mia tatu.
Na mlango wangu una ufa:
upepo ukipita pale huimba,
sauti ikizama, inamisha pua,
ikipiga mluzi, punguza moto.
Ufa huohuo nilimwambia fundi Chiwaula auzibe tangu Ramadhani.
Mungu ambariki kwa uvivu wake.

"Mtwara, sina kasi."
Redio ikakwaruza. Somoe, mnarani:
"Huna kasi, au huna saa ya kasi?"
"Saa."
"Basi kasi unayo. Wingu hapa futi mia nane,
upepo unatoka baharini. Uwanja wote wako.
Mbuzi nimeshawafukuza."

Sikushuka haraka. Uwanda wa Newala una ukingo,
na ukingo haumpishi asiyeuona.
Nikahesabu dakika kwa saa ya mkononi, nikaongeza tano,
nikaongeza mbili za woga,
ndipo nikaiachia ndege ishuke, sikio mlangoni,
shingo imepinda kama ya mpiga umbea.
Mia kumi na mbili. Weupe. Elfu moja. Weupe.
Mia tisa, na nyuma yangu mtu anasoma Yasini
akirudia aya moja, nyingine zimemtoka.
Mia saba na hamsini:
maji ya kijivu, mikoko, mabati ya Mikindani,
kila kitu kidogo na kimeloa na kipo.

Tulitua kwa mbio kuliko adabu.
Lami ndefu ikatusamehe.

Mvua ikiendelea, nilitoa chupio kichwani
nikachokoa bomba chini ya bawa.
Likatoka donge la udongo, ukubwa wa njugu mawe,
ndani yake buibui watatu wamepangwa,
akiba ya mtoto wa nyigu ambaye hajazaliwa.
Alijenga vizuri. Siku tatu zilimtosha.
Wahenga walionya juu ya mwiba na tende,
lakini wao walitembea kwa miguu.

Kwenye daftari nikaandika: hitilafu ya kifaa.
Nikaitazama kalamu. Nikafuta.
Nikaandika: rubani hakuinama kuangalia.

Bwana Nangomwa aliomba lile donge.
Akalitia kwenye kipakiti cha sampuli,
akakilamba kibandiko, mkono bado unamtetemeka,
akaandika kwa herufi zake za ghalani:
*Liwale. Daraja la kwanza.*