Kabla Sijacheka

Bati likivuja tunaita fundi.
Anapanda, misumari mdomoni,
majirani wanatazama, na hakuna aibu.
Kibofu changu kilipoanza kuvuja
ningemwita nani?
Nilikunja leso mara nne, nikaiweka pale,
nikanyamaza miaka minane.

Mficha uchi hazai, walisema.
Mimi nilizaa kwanza, watano,
wa mwisho kilo nne na nusu,
ndipo nikaanza kuficha.

Nifunge macho, uniache popote hapa Mudete,
nitakufikisha chooni:
cha kiwanda cha chai, chenye mlinzi mkali;
cha kanisa, ufunguo uko kwa mzee Lugalia, naye haharakishwi;
cha mama chapati, shilingi kumi, usingoje chenji.
Baada ya hapo ni michai tu, na mteremko,
kikapu kimejaa mgongoni, umande, baridi,
chafya moja,
moja tu,
na gambuti la kushoto linajua mambo yangu yote.

Nilijaribu tiba.
Niliacha maji. Mkojo ukawa mkali kama munyu wa majivu,
ukanichoma,
na bado ukavuja.
Mamamkwe akanichemshia nywele za mahindi,
maji ya manjano, yenye harufu ya shamba lililonyeshewa.
Nikanywa sufuria nzima kwa heshima.
Siku hiyo nilikwenda chooni mara kumi na tatu.
Ilikuwa dawa ya upendo. Ya kuvuja, sijui.
Mbegu za malenge nazo nikakaanga, nikatafuna.
Nilishiba.

Halafu Ijumaa ile, chama kikiwa kwa Imali,
pesa hazijahesabiwa, Rasoa akaanza
kisa cha jogoo wa mchungaji
na sufuria ya mboga ya mazishi.
Hata hakukimaliza.
Tulicheka, nami nikainamisha macho kwa hofu,
nikaona chini ya meza
miguu ya wanawake kumi na mmoja
ikipishana kwa mpigo mmoja,
kama askari waliosikia amri.

Kicheko kikakatika.
Mficha maradhi kilio humuumbua;
sisi tuliumbuliwa na kicheko.

Jerida, mweka hazina, miaka sabini na mmoja,
akaweka kalamu chini.
“Kageha. Hata wewe?”
Akasimama, akashika kiti.
“Nilikwenda Mbale, nikafundishwa. Sikilizeni.
Bana pale ndani, kama unayezuia upepo
mchungaji akiomba.
Si tumbo. Si makalio.
Rasoa, si meno!
Pumua. Hesabu hadi tano. Achia taratibu.
Mara kumi, asubuhi, mchana, jioni.
Maji kunyweni. Chai ndiyo ya kupunguza.”
(Tukaguna. Sisi, wachuma chai!)
“Na ukiona damu, au ikichoma na homa,
usichemshe jani lolote.
Panda gari uende hospitali.”

Basi sasa nabana.
Majani mawili na chipukizi, nabana;
yakitua kikapuni, naachia.
Nabana nikipepeta maharagwe,
nabana kwenye foleni ya kupima chai,
na karani wa mizani, akiona nimetulia hivyo,
hushusha sauti, akidhani nasali.
Wiki ya tatu nilitaka kuacha.
Wiki ya sita Jerida aliniuliza mbele ya watu,
“Hesabu zako?”
Nikajua haulizi za pesa.

Jumanne nilikuwa mteremkoni, kikapu kimejaa,
nikahisi pua inawasha.
Nikasimama. Nikabana kwanza.
Chafya ikaja kubwa, ndege wakaruka.
Nikangoja.

Tone. Labda mawili.
Gambuti halikuambiwa kitu.

Bado naweka leso, sikudanganyi,
na Ijumaa bado nakaa karibu na mlango.
Lakini leo asubuhi niliikunja
mara moja tu.