Mwenye Daftari

Kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Nyuma ya pazia la magunia ya mkonge,
ukumbi wa reli, Tanga, mwaka wa unga wa njano,
tochi mdomoni, daftari magotini,
nahesabu mizani kwa vidole:
nane, pumua, nane.
Mchezo wenyewe wa zamani. Babu zetu waliucheza
kabla umeme haujavuka Barabara ya Sita:
Liwali anamuua kijana,
mama wa kijana anajitia wazimu,
mwishoni anamchoma Liwali kwa jambia.
Jambia la mninga, rangi ya fedha.
Nililipaka mwenyewe.

Mwantumu Sekiteke hakutakiwa kucheza mwaka ule.
Arobaini ilikuwa haijatimia
tangu korona ya Ngomeni immeze Chambuso wake,
mkono kwanza, bega baadaye.
Alikuja mazoezini kanga kaivaa ndani nje,
akasema, Nipeni yule mama. Namjua.
Nani angemkatalia?

Na Liwali alikuwa Kupaza.
Ngamiani nzima ilijua Kupaza ndiye nyapara,
ndiye aliyetia sahihi kwamba mkanda wa mashine ni mzima.
Angeweza kujitoa. Hakujitoa.
Labda alidhani kufa kila Jumamosi kwa mkono wa yule mama
ni kulipa deni, ingawa kwa senti za mbao.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika, tukawasha karabai.
Mwantumu akatoka, nywele timutimu, akasema sawasawa,
hakuna silabi iliyoanguka:

     Wazimu nimeuvaa, kanga yangu ya msiba,
     Mwenye kucheka kichaa, hajui nilichobeba,
     Kisu changu chenye njaa, leo hii kitashiba,

Hapo akanyamaza.

Mtoto akakohoa. Benchi likalia.
Nikanong'ona: Simama ewe shujaa.
Kimya.
Nikapandisha, nadhani safu ya mbele walinisikia:
Simama ewe shujaa, uionje yako toba.
Akageuza shingo akanitazama,
mimi, si Liwali, kama anayetazama mbu,
na kwenye mwanga wa karabai nikaona
alichoshika hakikuwa cha mninga.
Kilikuwa kisu cha kukatia mkonge,
mpini umefungwa kitambaa cha shati la mtoto wa kiume.

Kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwangu.
Watu wakiniuliza husema niliganda kwa woga.
Sikuganda. Nilitaka kuona.

Akaketi.
Akakiweka kisu sakafuni, katikati yao wawili,
akauvua wazimu kama mtu avuavyo kandambili,
akauliza kwa sauti ya kuulizia bei ya dagaa:
Kupaza, ilikuwa saa ngapi?

Jina lake. Si la Liwali.
Jasho lilikuwa limeanza kuzoa masizi ya ndevu zake.
Saa nne na robo, akasema.
Mkanda ulikuwaje?
Ulikatika nusu. Niliufunga kwa kamba.
Kamba gani?
Ya mkonge.
Alimwita nani?

Kupaza akavua kilemba, akakipakata.
Alikuita wewe. Halafu akaniita mimi.
Nilisikia. Nilikuwa nakunywa chai.

Nami, kama mjinga, napekua daftari,
ukurasa, ukurasa, nalowesha kidole kwa mate,
natafuta walipofika
ili akisahau mmoja wao nimkumbushe.

Makofi yakalipuka. Bwana mmoja wa bandarini
akapanda juu ya benchi, akaapa kwa wazazi wake
mchezo ule haujapata kuchezwa hivi.
Mwantumu hakuinama kushukuru.
Alishuka ngazi ya mbele, akapita katikati ya watu,
wakampisha, akatoka nje, mlango ukabaki wazi.

Kisu nilikiokota mimi. Kipo. Sijakitia kazi yoyote.

Ila Kupaza alibaki pale chini, kilemba mapajani,
makofi yamekwisha, karabai inaishiwa mafuta,
watu wanabeba viatu vyao na watoto wao.
Kwenye daftari, Liwali hutoka jukwaani akiwa amebebwa.
Hakuna aliyekuwa amemuua.
Akawa hajui atoke vipi.