Kisado

Mwaloni Kirumba tunapima dagaa kwa kisado.
Mteja husema: tikisa, mama, tikisa washuke,
nami hutikisa. Wanalala, inapatikana nafasi ya konzi moja,
na juu yake nyingine, mpaka kisado kiote kichuguu.
Miaka kumi na tisa mkono wangu unajua kazi hiyo.
Haukuniambia kwamba nyumbani, Mabatini,
ulikuwa unamtikisa Masalu.

Saa kumi alfajiri miguu yake imo ndani ya beseni,
maji ya mtungini, baridi, usingizi usimpate.
Fizikia kabla ya kengele, hesabu baada ya kengele,
Jumamosi kemia Igoma,
Jumapili, misa ikiisha, maswali ya miaka iliyopita,
miaka ambayo yeye hakuwa amezaliwa.
Nikipita na kikombe cha uji nauliza:
umefika wapi?

Matokeo ya moko yakabandikwa ukutani,
wanafunzi mia moja arobaini na sita, jina chini ya jina.
Masalu wa nne.
Nikamwambia, na hao watatu, wanakula nini kwao?
Nilicheka.
Nilikuwa peke yangu katika kicheko hicho.

Kisha ikaonekana sehemu kisogoni isiyo na nywele,
duara kama sarafu ya mia.
Alikuwa anazing'oa, moja moja, akisoma.
Tulipima malaria mara tatu, taifodi mara mbili.
Jirani akasema kijicho. Shemeji akasema uvivu
unaojua kuvaa nguo za ugonjwa.
Hadi asubuhi moja nikamkuta na beseni,
maji yamepoa zaidi ya maji,
ukurasa uleule wa jana.
Mama, herufi hazikai.
Akasukuma kitanda mlangoni,
na mlango ukawa ukuta.

Siku ya sita akaja Mwalimu Chizuru,
Mjapani anayewafundisha hesabu.
Alipanda mlima wetu viatu mkononi,
akaketi juu ya jiwe ninaloanikia nguo,
na kwa Kiswahili sanifu kuliko changu akasema
kwao pia kuna ziwa, maji baridi yasiyo na chumvi,
na kando ya ziwa hilo mdogo wake, Yasuhiro,
aliukosa mtihani wa chuo mara mbili, akafunga mlango.
Mama yao akawa anaacha sinia la chakula sakafuni
na kuuliza kupitia ubao: leo umesoma nini?
Sinia lilirudi tupu. Jibu halikurudi.
Mwaka wa pili, sijui alichoka au alielewa,
akauliza: umeisikia mvua?

Akajibu? nikamshika mkono.
Alisema, ndiyo.
Basi?
Basi. Ndiyo moja, baada ya mwaka na nusu.
Mwalimu akavua miwani, akaifuta, haikuwa na vumbi.

Usiku ule nilikaa sakafuni na ugali na sato.
Ulimi una mazoea kama punda wa maji:
unaijua njia hata usipouongoza.
Siku kumi na tisa zimebaki, ulitaka kusema.
Niliuuma.
Nikasema: Masalu, magugumaji yameziba mwalo wote.
Mitumbwi imekwama, watu wanarukia juu kama bata.

Kimya. Panya darini. Redio ya jirani.
Halafu mguu wa kitanda ukakwaruza saruji.
Yana maua?
Yana, baba. Ya zambarau.

Sahani niliipitisha kwa upenyo wa kiganja.
Kesho yake hakutoka. Wala kesho kutwa.
Wiki iliyofuata tulishuka pamoja hadi kliniki ya Bugando,
ile ambayo watu huipita wakitazama chini,
nami nilitazama mbele, ingawa shingo iliuma.

Mtihani wa taifa ulianza Jumatatu.
Kama alikwenda, kama hakwenda,
mmeshaniuliza wengi, na mikono yenu ikiwa tayari kwenye kisado.
Chukueni dagaa wenu. Nawaongezea konzi, bure.
Lakini sitikisi.