Tatu Nukta Mbili

Betri hii ameileta muuguzi Atuganile,
kaifunga kanga kama mtoto mwenye homa.
Imeshuka toka zahanati ya njia ya Kitulo,
huko ambako Juni umande hugandia kwenye majani ya viazi.
"Taa inazima katikati," anasema.
"Juzi nimeshika kichwa cha mtoto gizani."
Sijibu. Natafuta bisibisi.

Hapa Mwanjelwa nimefungua za kila aina,
za simu, za kompyuta, zilizovimba kama andazi.
Ndani mna karatasi ya aluminiamu, kama ya kufungia chipsi,
na upande wa chanya imepakwa unga mweusi,
mweusi wa masizi ya sufuria.
Humo ndani ya unga ndimo inamolala lithiamu.
Ukichaji, inatoka. Ukiwasha taa, inarudi.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwenda na kurudi.
Sisi tunakula nauli.

Kobalti niliiona kabla sijajua jina lake.
Hupita hapa barabarani juu ya malori ya kutoka Tunduma,
magunia chini ya turubai, safari ya bandarini,
kisha hurudi ikiwa simu mfukoni mwa muuza parachichi,
na ikifa, inaletwa kwangu.
Ina nguvu, sikatai.
Ila ni nyumba ya maringo:
wakihama nusu ya wapangaji kuta zinayumba,
wakihama wote paa linaachia hewa yake
na moto unaijua njia.
Kovu hili la kidole gumba si la kisu.

Ya Atuganile ni nyingine. Chuma na fosfeti.
Siku niliyoambiwa nilicheka peke yangu:
chuma, yaani jembe;
fosfeti, yaani mbolea ya kupandia,
ile tunayoipangia foleni Novemba, mvua ikitutisha.
Jembe na mbolea vimelala pamoja, vimezaa taa.
Mkulima gani wa Uyole hataelewa?

Haina mbio. Hubeba kidogo kuliko kobalti.
Lakini wahame wote, hata wa mwisho,
nyumba inabaki wima ikiwasubiri.

Babu Mwakyambiki alikwenda Kitwe kuchimba shaba.
Alirudi na blanketi, akaenda.
Alirudi na cherehani, akaenda tena.
Na kila aliporudi Rungwe
alikuta mianzi ileile, kizingiti kilekile,
ukuta una matope mapya yenye alama za vidole vya bibi.
Ukoo mzima unasimulia safari za babu.
Mianzi hakuna aisimuliaye.

Napima seli moja moja.
Tatu nukta mbili.
Tatu nukta mbili.
Tatu nukta mbili.
Ya nne, sifuri.

"Ni hii tu, Sista. Imekufa, inawazimisha wenzake."
Ninayo moja niliyoitoa kwenye betri ya mnara wa simu.
Nakaza nati, nanusa, hakuna harufu.
Anauliza itadumu miaka mingapi.
"Sijui. Ila usiichaji alfajiri ya barafu.
Ngoja jua ligonge bati kwanza.
Kwenye baridi ile lithiamu inabisha hodi
na huko iendako hakuna wa kuipokea."

Ananihesabia elfu ishirini, anaongeza viazi sado moja.
Kisha anainama, anaitupia betri mgongoni,
anakaza kanga kifuani,
ncha ya chanya imechungulia begani.