Nyayo Bapa

Barua ilisomwa baada ya sala ya adhuhuri:
kila nyumba itoe kijana mmoja kwa vita vya kusini.
Karani aliisoma mara mbili,
maana mara ya kwanza hakuna aliyetaka kuisikia.

Nyumba kubwa ina vijana wanne.
Wa kwanza yuko Bombay, anasomea mahesabu.
Wa pili Kairo, anasomea sijui nini, hata baba yake hajui.
Wa tatu ana mke mpya, mke mpya ana mimba,
mimba ina kichefuchefu.
Wa nne, Mundhiri, alishuka Matrah kwa Landrova,
akarudi jioni na karatasi yenye muhuri wa zambarau:
nyayo zake bapa. Hawezi mwendo mrefu.

Nyayo bapa!
Nami ndiye niliyebeba sinia siku ya arusi ya Hilali,
nikamwona akicheza razha tangu isha mpaka alfajiri,
upanga unaruka, unazunguka hewani, anaudaka,
vumbi halipati nafasi ya kutua.

Nyumba yetu ni chumba, jiko na mbuzi.
Na kijana mmoja, kaka yangu Sudi.

Sheikh akatuita. Mama akajitanda leso aliyotoka nayo Unguja,
ile ya kuendea mazikoni.
"Zafarani," alisema sheikh, "nyinyi si wageni.
Nyinyi ni watu wa nyumba yangu."

Miaka yote tumekula uani,
baada ya wageni, baada ya watoto,
siku nyingine baada ya paka.
Babu, mzaa baba, alizaliwa humo akafia humo,
neno hilo hakuambiwa.
Sisi tuliambiwa asubuhi.
Kufikia magharibi Sudi alikuwa juu ya lori.

Basi nyumba kubwa ikawa imetoa.
Karani aliandika hivyo: imetoa.

Viatu alivyopewa vilikuwa vidogo.
Alimwandikisha mwenzake barua, kutoka Salala:
"Mama, huku kuna manyunyu,
milima imevaa kijani kama Unguja uliyotusimulia.
Viatu nimevikata mbele vidole vipumue.
Yule mbuzi amezaa?"

Alikuwa amezaa. Pacha.
Tulikuwa bado tunatafuta mtu wa kutuandikia jibu.

Bahasha ya fidia ilikuja kwa jina la nyumba.
Nyumba ipi? Usiniulize mimi, muulize karani.
Mama aliletewa gunia la mchele, kitambaa cheusi,
na halwa, sahani nzima, ile ya zafarani,
ile wanayofunguliwa wageni.
Hakuigusa. Tuliwaachia sisimizi
na hata wao walichukua siku tatu kuimaliza.

Sasa Mundhiri ni mzee. Baraza yake ina kiyoyozi.
Vita vikitajwa hujipiga paja, husema,
"Nyumba hii ilitoa."
Wageni hutikisa vikombe vya kahawa:
wametosheka.

Jana kabla ya alasiri napita na ndoo kando ya falaji,
nikamkuta anatawadha.
Hakunijua, au alinijua; kwake ni mamoja.
Akaosha uso, mikono, akapaka kichwa maji,
miguu akaiosha kwa utuvu, mpaka vifundoni,
kama mtu anayeosha vyombo vya kuazima.
Kisha akakatiza saruji kavu kuelekea msikitini.

Nyayo zilibaki nyuma yake, mbichi, moja moja.
Nikatua ndoo. Nikainama, na magoti yangu haya.

Kisigino. Vidole vitano.
Na katikati, upande wa ndani, saruji haikulowa:
pengo zuri limepinda
kama mwezi wa siku mbili.

Jua la Ibra lina haraka.
Niliwahi kuhesabu saba.