Taarifa Iliyochelewa

Nilitumwa na tawi, kalamu mbili na daftari,
nikaandike maana ya wimbo
walioimba wanawake kilabuni kwa Twilumba Mgaya.
Vijana wetu wako Kagera, alisema mwenyekiti,
na huku nyuma Uwemba watu wanaimba nini?

Nikakaa karibu na moto. Nje mvua.
Ulanzi wa asubuhi ile, togwa,
bado mtamu, haujajua kulewesha.
Wakaimba. Nikaandika:

wanauliza buti alilopewa Otmari kama linamtosha,
maana mguu wake wa kushoto ni mpana tangu utotoni;
wanauliza nani humkuna mgongo pale asipopafikia;
wanauliza bunduki hulala upande gani wa kitanda.

Basi. Hakuna tusi. Hakuna jina la mkubwa yeyote.
Nikamwuliza Twilumba: Mama, maana yake?
Akanitazama kama mtu akaguaye debe linalovuja.
"Katibu, umewahi kugema?"
Nimewahi.
"Mlanzi unaukata mara moja?"
Kila asubuhi na kila jioni, kipande chembamba,
ili kidonda kisizibe.
"Haya. Andika hivyo."

Sikuandika hivyo. Niliandika:
Wimbo wa kazi. Hauna maana.
Nikagonga muhuri.
Nilidhani nimewaokoa. Labda niliwaokoa.

Otmari alirudi wakati wa sakitu,
viazi vimeungua, majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.
Mikono miwili, miguu miwili: tulimhesabu kwa macho
tukijifanya tunamsalimu.
Akaingia kilabuni na koti la jeshi.
Wanawake kimya.
Nani aimbe habari za buti mbele ya mwenye buti?

Ulikuwa umebaki mkangafu, mkali, wa kukunja uso.
Akanywa nusu kopo, akaliweka chini,
akauanzisha yeye.

Sauti mbaya. Otmari hakujaliwa sauti.
Aliufikisha mwisho, kisha hakukoma,
akaongeza ubeti ambao hatukuwa nao:
kijana wa upande ule, kifudifudi kwenye migomba,
mfukoni kitana na bisi chache,
soksi moja imeshonwa kisigino kwa uzi mwekundu.
Nani, akauliza Otmari,
nani alimshonea?

Hakuna aliyeitikia.
Otmari akauliza tena, kwa mahadhi yaleyale,
kama mtu anayebisha hodi nyumba aijuayo ina watu.
Ndipo Twilumba akaitikia.

Daftari lilikuwa kwapani mwangu. Nakiri.
Mvua ngapi zimepita! Mwenyekiti tulishamzika,
na Twilumba, na Otmari mwenyewe,
buti moja likiwa bado chini ya kitanda, la kushoto,
limepasuka ubavuni, pale mguu ulipokataa kubanwa.
Nina miaka themanini na kitu,
na taarifa hii hakuna aliyeniomba.

Jana nilifungua ukurasa ule.
Nikakata neno hauna.
Pengo likabaki, na muhuri pembeni yake, wa zambarau.
Tangu asubuhi najaribu kulijaza.

Nimefika kwenye uzi mwekundu.