Dole Gumba

Mheshimiwa Mwenyekiti,
jina langu Zuwena binti Kheri, mpiga chapa,
miaka sita katika ofisi ya Wakili Thani Khelef,
Chake Chake, juu ya duka la vitambaa.
Nimeapa. Na kuapa nakujua:
mie ndiye niliyekuwa nikiyaandika maneno yale,
"Ameapa na kutia saini mbele yangu,"
nikiacha nafasi ya tarehe, nafasi ya jina,
kama mtu atandikaye jamvi
hajajua bado nani kafa.

Muhuri ulikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Ijumaa, kabla hajatoka kwenda kusali,
wakili akiugonga juu ya karatasi thelathini tupu,
ko, ko, ko, kama mtoto avunjaye kungu.
"Tusiwaweke watu," akisema,
na huyo, kofia mkononi, anashuka ngazi.
Huruma, Mwenyekiti. Hata mie niliiita huruma.
Mtu katoka Micheweni kwa nauli ya kukopa,
utamwambia arudi kesho
kwa ajili ya duara la wino?

Sikuja hapa kusema ilianza kwa fedha.

Fedha zilikuja Jumatano, kwenye bahasha ya kaki,
pamoja na mtoto wa kaka yake Bi Mkasi Shaame.
Nyumba ya Machomane, vyumba vinne na kisima:
shangazi anampa kwa mapenzi na hiari yake.
"Shangazi mwenyewe yuko wapi?"
"Miguu haimchukui."
Wakili akanitazama. Hakunitazama usoni,
alinitazama mkono.
"Zuwena, nawe si mwanamke? Weka dole."

Nikaweka.
Likatoka zuri, mstari ndani ya mstari,
kama maji ya kisima ulipotupa kijiwe.
Nikalisugua kwa mafuta ya taa.
Nikaenda kula. Siku ile kulikuwa na pweza.

Jumanne iliyopita, kwenye chumba hiki hiki cha Vuga,
Bi Mkasi alipandishwa na vijana wawili.
Mmoja wenu akamsogezea wino na karatasi.
Akabonyeza. Akabonyeza tena.
Likatoka doa,
jeusi, laini, kama mbegu ya stafeli,
halina hata mstari mmoja.
"Makumbi hayo, wanangu," akasema.
"Miaka arubaini Ndagoni napiga makumbi, nasokota.
Dole langu lilikwisha zamani.
Lilikwenda na kamba, likauzwa."

Pale kwenye hati, dole la bibi wa miaka themanini
lina mistari kama la bi harusi.
Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
Hakuivaa tena.

Mtamhukumu nyinyi.
Mtamfuta kwenye orodha, au mtamsimamisha miaka miwili,
na kopo la maziwa mtalichukua kama kielelezo.
Sina neno. Na mie mnipe la kwangu.
Lakini ile nyumba sasa ina bati jipya.
Imeshauzwa kwa mtu asiyejua lolote,
na mtu huyo ana watoto,
na watoto wanateka maji kile kisima.
Muhuri gani unarudi nyuma ukalamba wino wake?

Bado moja, halimo kwenye maelezo yangu.
Jumanne ile nilimkuta Bi Mkasi ngazini, kakaa anapumua.
Nikamwomba radhi. Hakunijibu.
Alinishika mkono, akaugeuza
kama achaguaye ndimu sokoni,
akalitazama dole langu, akalitazama sana,
akalisugua kwa lile lake lisilo kitu.
"Kumbe mie," akasema, "ndiwe."

Liandikeni hilo, Mwenyekiti.
Hilo lilisemwa mbele yangu.